Nyololo: nani alilala hapa usiku ule?

Najua nimepotea karibu wiki tatu na kuna watu wameshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, teh teh. Ni tesiti zilizopangana kama foleni ya Ubungo, halafu kuna asaimenti moja ya jiografia ya watu ambayo imenikaa kichwani kuliko inavyostahili kitu cha alama kumi na tano. Karatasi nimeshakusanya, lakini kuna mambo hayakuingia kule. Naona niyamwage huku, mnanijua.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisema. Kila mtu achague mji mdogo au kata anayoifahamu, aeleze historia yake na sura ya watu wake: wako wangapi, umri gani, wanaume kwa wanawake, wanaishi kwa kazi gani, wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Kurasa nane. Hapa Mkwawa tumetoka kila kona ya nchi, kwa hiyo darasa zima likawa soko la majina: Bunda, Mlalo, Kibondo, Tandahimba. Mimi nikaandika Nyololo.

Ninayelala naye chumba kimoja ni Mhaya wa Muleba. Akauliza, "Nyololo ndo wapi?" Kabla sijajibu, jamaa mmoja wa nyuma akadakia, "Si ndo pale alipouawa yule mwandishi?" Basi. Hizo ndo sentensi mbili ambazo mtu wa kwetu anaishi nazo. Ama hatujulikani kabisa, ama tunajulikana kwa siku moja.

Kwa yule wa Muleba na wengine wote: ukitoka Iringa mjini kwenda Mbeya unapita Ifunda, unapita Mafinga, halafu kabla hujafika Makambako kuna sehemu barabara inachepuka kushoto kwenda Igowole na Kibao kwenye mashamba ya chai. Hapo ndo Nyololo Njia Panda. Basi likisimama utaletewa dirishani mahindi ya kuchemsha, viazi na mapeasi, na kama ni msimu wake utaona madumu ya ulanzi yamepangwa chini (wa Pwani wanadhani ni maziwa, wakionja wanakunja uso). Ukiingia ndani kidogo kuna Nyololo Shuleni, ndo kwetu. Wilaya ni Mufindi. Baridi ya Juni na Julai huko siwezi kuwasimulia mkaamini.

Sasa historia. Ukienda maktaba na jina la Nyololo utarudi na barabara. Iringa ikitajwa kwenye vitabu ni Mkwawa mwanzo mwisho: Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Kalenga kuanguka mwaka 1894, Mlambalasi mwaka 1898. Sisi tuko mbali kidogo na hayo, kule ambako Wahehe na Wabena wameoleana mpaka huwezi kuwatenganisha, na Wakinga wameshuka kutoka milimani kwao kuja kufungua maduka. Bibi yangu ni Mbena, marehemu babu alikuwa Mhehe. Wote wanasalimia "kamwene", kwa hiyo ugomvi ulikuwa kwenye mambo mengine.

Jirani yetu mwenye jina vitabuni ni Malangali. Julai 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yaliyotoka upande wa Nyasaland, yalipigana na Wajerumani pale. Kisha mwaka 1928 serikali ya Kiingereza ikafungua shule, na hapa wanaosoma ualimu mtakumbuka desa la historia ya elimu: mwalimu mkuu W. B. Mumford alitaka shule ifuate maisha ya kabila. Wazee waliitwa kufundisha mila, na vijana walijifunga shuka badala ya kuvaa kaptula. Mwaka 1930 aliandika makala kuhusu shule hiyo kwenye jarida la Africa, ikasomwa dunia nzima. Wazo tamu ukiwa unalisoma kwenye kiti. Lakini mzazi wa wakati ule aliyempeleka mtoto shule alitaka mtoto ajue hesabu na Kiingereza apate kazi ya ukarani, shuka alikuwa nalo nyumbani. Na waliomaliza waliondoka. Ninalitaja hili kwa sababu kuondoka ndo habari yenyewe ya kwetu, na ilianza mapema kuliko nilivyodhani.

Wasiokwenda shule nao waliondoka. Wabena na majirani zao walikuwa wakienda kwa wingi kwenye mkonge Tanga na Morogoro. Ndo hao manamba, watu wanaoitwa kwa namba badala ya majina. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na shirika maalumu la kuwakusanya, SILABU, lililowasafirisha kwa malori. Baba yake bibi alikwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi na blanketi mbili na kikohozi, na bibi anasema blanketi moja alilitumia yeye mpaka alipoolewa.

Wakati huo huo kuna waliokuwa wanaletwa. Chai ya Mufindi ilianzishwa na walowezi wa Kijerumani. Vita vya Pili vilipoanza mashamba yao yakachukuliwa na kupewa kampuni ya Brooke Bond, na wachumaji wakatafutwa kutoka vijiji vya karibu na vya mbali. Pembeni ya chai likaja shamba la miti la Serikali la Sao Hill, lililoanza na majaribio mwaka 1939 na kupanuka sana baada ya Uhuru. Leo ndo shamba la miti kubwa kuliko yote Tanzania, hekta zaidi ya 135,000, misindano na mikaratusi mpaka macho yachoke. Kwa hiyo kwenye ramani ndogo ya bibi mtu anaweza kwenda kuwa kibarua Tanga na mwingine akatoka Makete kuja kuwa kibarua Mufindi, wakapishana njiani. Mchumi atakueleza kwa nini. Bibi anasema kila mtu aliamini hela iko kwa mwenzie.

Halafu barabara. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikakosa njia ya mafuta, na malori yakaanza kupita kwetu usiku na mchana kwenye udongo mwekundu wa mvua. Waendeshaji wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar mpaka Ndola, na lami ikafuata miaka ya mwanzo ya sabini. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikatukwepa ikapita Makambako. Ndo maana Makambako ni mji na sisi ni njia panda. Sina kinyongo (ninacho kidogo).

Kilichotufanya tuonekane kama mji ni Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 bibi alikuwa na miaka kama ishirini na miwili na mtoto mgongoni. Familia yao ilikuwa ikikaa bondeni, kila ukoo na mlima wake, moshi wa jirani unauona asubuhi tu. Wakaambiwa wahamie karibu na barabara. Nilimuuliza kwa simu kwa ajili ya asaimenti, "Bibi, mlifurahi au mlilazimishwa?" Akanyamaza, halafu akasema, "Mjukuu wangu, tulihama." Nikasubiri aongeze. Hakuongeza. Baadaye kidogo akasema shule ilikuwa karibu na maji yalikuwa mbali, na mihanzi ya ulanzi ya baba yake ilibaki kule bondeni, wakawa wanatembea saa mbili kwenda kugema.

Nililiandika jibu hilo kama lilivyo. Mwalimu kapigia mstari na kuandika pembeni: "fafanua". Sasa nifafanue nini?

Tuje kwenye namba, maana hapo ndo alama zilipo. Mwaka 2002 Wilaya ya Mufindi ilikuwa na watu 283,032. Mwaka 2012, ukijumlisha na Mafinga, walikuwa 317,731. Piga hesabu: ongezeko la asilimia kama 12 kwa miaka kumi. Nchi nzima kwa miaka hiyo hiyo ilitoka milioni 34.4 kwenda 44,928,923, yaani asilimia 30. Kwa hiyo Mufindi ilikua kwa chini ya nusu ya kasi ya nchi, na akina mama wa Mufindi hawajaacha kuzaa, niulizeni mimi.

Hapa nitoe tahadhari kwa mtakaopewa kazi hii mwakani. Mwenzetu mmoja alichukua Mkoa wa Iringa 2002, karibu watu milioni 1.5, akachukua Iringa 2012, watu 941,238, akaja mbio kwenye kikundi kutuambia zaidi ya nusu milioni wamepotea kwa ukimwi. Ilibidi tumkalishe chini. Mkoa wa Njombe ulikatwa kutoka Iringa mwaka 2012 ukaondoka na watu wake 702,097. Jumlisha uone kama kuna aliyepotea. Mpaka ukihama mtu hafi, ila kwenye jedwali anaonekana kafa. Angalieni ramani kwanza ndo mshike kikokotoo.

Lakini hakukosea kabisa, na ndo maana hakuna aliyecheka sana. Utafiti wa 2003-04 ulikuta maambukizi ya VVU Iringa ni zaidi ya asilimia 13, na ule wa 2007-08 ukakuta zaidi ya 15, ya kwanza nchini, wakati taifa zima lilikuwa chini ya 6. Barabara kuu, malori yanayolala njia panda, vibarua wa chai na mbao mbali na wake zao: sababu hizo mnazijua. Tofauti ni kwamba wengine mlizisoma.

Na kuna wanaohama. Sensa ya 2012 Iringa ilikuwa na wanaume 452,052 na wanawake 489,186, yaani wanaume 92 kwa kila wanawake 100. Mtu akiangalia hapo anasema sawa, wanaume ndo wanaondoka. Lakini mwulize yeyote aliyekulia Sinza au Kinondoni dada wa kazi wa nyumbani kwao alitoka wapi. Atakwambia Iringa. Wasichana wa kwetu wanaondoka wakiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, wanafuatwa na mtu anayejuana na mtu, na basi linasimama pale pale njia panda. Hata hivyo bado wanawake wanabaki wengi kuliko wanaume. Piga picha basi wanaume wangapi wameondoka, au hawapo.

Mama yangu alipanda basi hilo mwaka 1997. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Alifanya kazi kwa watu Dar, akarudi nyumbani mwaka 2004 akiwa na mimba yangu, na mwaka 2006 akafariki. Dawa za kupunguza makali zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini Oktoba 2004, ila ndo zilikuwa zinaanza, zilifika wilayani taratibu. Simkumbuki. Kuna picha moja kapiga studio Kariakoo, nyuma yake kuna pazia lenye mnazi, na kila aliyeiona anasema tumefanana paji la uso.

Nimeyaandika haya kwa sababu ukichora piramidi ya umri ya sehemu kama zetu kwa miaka ile, chini pananona watoto, juu kuna wazee wamekaa imara, na katikati pamebonyea kama mtu aliyefunga mkanda sana. Mwalimu ametufundisha kuuita mbonyeo huo kwa jina lake la kitaalamu. Mimi nikiuangalia naona viti vya mezani kwetu.

Sasa niwasimulie sensa ya 2012, maana ndo nilitaka kufika huko.

Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili. Sensa ile ilihesabu watu waliolala nchini usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 26 Agosti. Karani alipofika kwetu alikaa kwenye stuli chini ya mparachichi, madodoso mapajani. Mkuu wa kaya: bibi. Waliolala hapa usiku wa kuamkia tarehe hiyo: bibi na wajukuu wanne. Akatupitia mmoja mmoja. Umri. Anasoma? Alipofika kwangu akamuuliza bibi, bila hata kunyanyua macho, kama mama yangu mzazi yu hai. Bibi akasema hapana. Baba? Bibi akafikiri kidogo (baba alikuwa anaendesha lori Tunduma, alionekana mara moja kwa mwaka kama Krismasi), akasema, "Andika yu hai." Karani akaandika. Kwa binamu zangu wawili majibu yalikuwa hapana na hapana. Ilichukua dakika chache. Sikuumia, ila nilishangaa kwamba Serikali ilikuwa na swali hilo tayari limechapishwa. Maana yake tulikuwa wengi.

Bibi alitaka watoto wake walioko Dar na Mbeya nao waandikwe. Karani akamweleza taratibu: hapana bibi, wao watahesabiwa kule walikolala. Bibi akasema, "Lakini kwao ni hapa." Huo ndo mgogoro mzima wa takwimu za Nyololo, wadau, na hakuna kitabu kilichonielezea vizuri kama alivyosema yeye. Usiku ule dereva wa Kizambia aliyelala gesti pale njia panda ni mtu wa Nyololo. Mama mdogo anayelala kwenye stoo ya tajiri Mikocheni si mtu wa Nyololo.

Wiki moja baadaye, Jumapili tarehe 2 Septemba, siku za kuhesabu zilikuwa zimeongezwa kwa ajili ya wale ambao hawajafikiwa. CHADEMA walikuja kufungua tawi. Polisi wakasema shughuli za siasa zimezuiwa kwa sababu sensa bado inaendelea. Sisi watoto tulikuwa nyumbani, bibi alikuwa anapepeta mahindi. Tukasikia milio. Bibi akatuingiza ndani akafunga mlango, akaketi juu ya kinu mbele ya mlango kama vile kinu kinazuia kitu. Jioni watu wakapita wakiongea kwa sauti za chini, na tukasikia neno "mwandishi".

Mwandishi huyo alikuwa Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoa wa Iringa. Aliuawa pale akiwa kazini, amezungukwa na askari, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kutoka karibu kabisa. Picha za dakika zile zilitoka magazetini, nchi nzima ikaziona. Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Muungano wa klabu za waandishi nchini ulianzisha tuzo ya uandishi yenye jina lake. Alizikwa kwao Rungwe. Hakuwa mtu wa Nyololo. Alikuja asubuhi na ilikuwa arudi jioni.

Siku ya presentesheni nilikuwa na dakika kumi. Nilieleza chai, misindano, Operesheni Vijiji, ile asilimia 12. Zilipofika dakika za maswali yule jamaa wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, mbona kwenye wasifu wa watu wa Nyololo sijamweka Mwangosi. Nikajibu kwamba nimemweka, ukurasa wa tano, na nikawaeleza. Kanuni ya sensa inasema aliyekuwa hai usiku wa kuamkia 26 Agosti anahesabiwa, hata kama amefariki kabla karani hajafika mlangoni. Kwa hiyo kwenye ile namba ya 44,928,923 Mwangosi yumo, anahesabika mtu hai. Aliuawa ndani ya siku za kuhesabu watu, na sababu iliyotolewa ya kuzuia mkutano ilikuwa hiyo hiyo ya kuhesabu watu. Darasa likatulia. Mwalimu akaniuliza chanzo, nikampa, akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaenda kwa mtu wa Tandahimba na korosho zake.

Nilichotaka kuongeza, ila dakika zilikwisha, ni kwamba watu wa Nyololo siku ile hawakuulizwa kitu. Kamera ziliondoka na wageni, malori yakaendelea kupita, Jumatatu tukaenda shule. Bibi alikataa tusipitie njia panda mpaka muhula ukaisha, tukawa tunazunguka kwa nyuma. Mpaka leo nikisema ninapotoka mtu ananipa pole ya mtu ambaye sikumjua, na ninaipokea. Pole ya mama yangu hakuna anayenipa kwa kusikia jina la Nyololo. Yeye yuko kwenye ile asilimia.

Namba za baadaye zimebadilika, na lazima niseme hilo maana wenzangu wa kwetu wananisoma na watanisuta. Sensa ya 23 Agosti 2022 Mkoa wa Iringa ulikuwa na watu 1,192,728, ongezeko la karibu asilimia 27 kwa miaka kumi, bado chini ya nchi lakini mkanda umelegezwa. Utafiti wa 2022-23 ulikuta VVU Njombe asilimia 12.7 na Iringa 11.1, taifa 4.4. Mtu anaweza kuona hiyo 11.1 akasema hakuna kilichobadilika. Kimebadilika: watu wanakunywa dawa, hawafi, kwa hiyo wanaendelea kuhesabiwa. Namba kubwa inaweza kuwa ni watu walio hai. Mama mdogo mmoja wa jirani yetu ana miaka kumi na saba kwenye dawa, ana shamba la parachichi na midomo mirefu, na Mungu amzidishie.

Mambo mengine bado yananiudhi. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa wa chini ya miaka mitano wamedumaa, mkoa wenye mahindi, viazi, maharage na maziwa. Nitaliandikia siku yake, nikianza leo hatulali. Na miti! Kila mwenye hela Dar sasa ana ekari zake za miti Mufindi. Vijana wanauza mashamba ya baba zao kwa bei ya bodaboda, msindano unapandwa, na msindano ukishakua hauhitaji mtu wa kuupalilia kwa miaka mingi. Shamba la mahindi lilikuwa linaita watu sita msimu mzima. Hilo nalo litaonekana kwenye sensa ya 2032, mnikumbuke.

Mwaka 2022 karani wa kitongoji chetu alikuwa mama mdogo wangu mwenyewe, mwalimu wa msingi, safari hii na kishikwambi. Mimi nilikuwa nimeanza kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, nikahesabiwa bwenini na wasichana wengine mia nne. Mama mdogo ananiambia alipofika nyumbani na kuuliza nani alilala hapa, bibi alitaja majina saba. Mama mdogo akamwambia, "Mama, mimi nawajua hawa, watano hawapo." Bibi akamjibu, "Wewe andika, watakuja." Hakuandika, sheria ni sheria. Kaya ikasomeka watu wawili.

Juzi tumejaza fomu za mazoezi ya kufundisha ya Julai. Karibu wote wameandika Dar, Arusha, Dodoma, na yule wa Muleba ananicheka kwamba nimejipeleka kwenye barafu kwa hiari yangu. Nimeandika Mufindi. Majina ya shule yanabandikwa mwezi ujao, nikipata nitawaambia. Bumu halijatoka, kwa hiyo anayedhani nitamtumia vocha asahau. Wenye picha za Nyololo za zamani, hasa kabla ya lami, nitumieni tafadhali.

Haya, usiku mwema. Kamwene.